Kutunza maunti ya kamera ya filamu bila kuizamisha kwenye mafuta

Kamera nyingi zinazofika mezani kwangu na ugonjwa wa maunti hazikuugua kwa kukosa mafuta. Ziliugua siku zilipotiwa. Mtu anasikia lenzi ikikwaruza akiizungusha, anachukua mkebe wa dawa ya kupuliza ambao mzee wake ameuweka kwa ajili ya bawaba za geti, anapuliza shaa, lenzi inateleza kama sabuni, anafurahi. Baada ya miezi miwili namsikia akipanda ngazi, orofa ya pili hapa karibu na Luthuli Avenue, anahema: "Anti, picha zangu zote zimetoka nyeupe."

Maunti ni ile pete ya chuma iliyo mbele ya kamera, pamoja na mwenzake aliye nyuma ya lenzi. Hapo ndipo kamera na lenzi hushikana. Nitaeleza ninavyoitunza, na utaona kwamba muda mwingi nimeshika kitambaa, si grisi.

Kosa hilo nalijua kwa sababu nililifanya kabla yao. Mwaka 1996 nilikuwa nikipiga picha za harusi na kipaimara kwa Pentax K1000 ya mkono wa pili. Marehemu mama alikuwa mshonaji, tulikaa Ziwani, na nyumbani hakikukosekana kichupa cha mafuta ya cherehani chenye mdomo mrefu. Lenzi yangu ya milimita 50 ilikuwa ikilia kri kri nikiitoa. Nikadondosha matone matatu kwenye pete. Matatu tu, na nikajiona fundi. Wiki chache baadaye nikapiga harusi Makadara, jua kali la saa saba, apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, nimelibana hadi f/11. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, negativu zilikuwa nyeusi kama tako la sufuria, na negativu nyeusi hutoa picha nyeupe. Bwana harusi nilimrudishia pesa zake. Mama yake hanisalimii hadi leo.

Kilichotokea ni hiki. Unapotazama ndani ya K1000, apacha iko wazi kabisa ili uone vizuri, hata kama pete umeiweka kwenye f/11. Ukibonyeza, kioo cha ndani kinapanda, na kijiti kilicho ndani ya maunti kinaiachilia apacha ijifunge upesi kabla ya shata, lile pazia linalofunika filamu, kufunguka. Yale mafuta ya mama yalitambaa kutoka kwenye pete, yakaingia ndani ya lenzi, yakafika kwenye vibamba vya apacha. Vibamba ni vyembamba mno, na mafuta huvifanya vishikane kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Shata inafunguka, vibamba bado vinajikokota. Mwanga unaingia mwingi kuliko ulivyokusudia, na wewe huoni dalili yoyote, kwa sababu picha ya kwenye kitazamio ni angavu siku zote.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, ijue apacha yako ikoje leo. Toa lenzi, iweke kwenye f/16, sukuma kile kijiti cha nyuma kwa ukucha kisha ukiachilie. Vibamba vinapaswa kuruka vikafunga mara moja. Vikisita, au ukiona vinang'aa kama ngozi ya samaki, mafuta yameshafika huko na tatizo lako si la maunti tena.

Vifaa

Vyangu vyote vinakaa ndani ya bati la biskuti. Kuna pampu ya mpira ya kupulizia. Kama huna ya kamera, nunua duka la dawa ile ya kunyonya kamasi ya mtoto, mpya, uibonyeze hewani mara kadhaa kwanza kwa sababu nyingine zina unga ndani. Kuna brashi laini, vijiti vya meno vya mbao, vijiti vya pamba, na vipande vya fulana kuukuu iliyofuliwa mpaka ikaacha kutoa manyoya. Kuna alikoholi ya isopropili. Ile spiriti ya zambarau ya jiko iache, ina rangi na huacha utando. Kuna pia kichupa cha petroli ya laita, kwa grisi iliyoganda tu.

Kuhusu bisibisi, skrubu za kamera za Japani zinafanana kwa macho na skrubu za msalaba za kawaida lakini hazilingani. Zilikatwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS. Bisibisi ya kawaida huingia nusu, hupanda, halafu hutafuna kichwa cha skrubu. Nimeona maunti za Nikon zenye skrubu tano, zote zimetafunwa kama mahindi ya kuchoma. Kama huna bisibisi ya JIS, usizifungue.

Grisi inatakiwa nyepesi, ya sinthetiki, isiyoachia mafuta ikipata joto. Ukiwa na shaka na uliyonayo, ipime hivi: paka chembe kwenye karatasi ya daftari, iache dirishani penye jua kwa siku mbili. Ukiona duara la mafuta limesambaa kuizunguka chembe, hiyo ni grisi ya pikipiki, irudishe kwa pikipiki. Mafuta ya petroli ya kujipaka, yale ya kopo, huyeyuka kamera ikiachwa kwenye gari. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Ile dawa ya kupuliza ndiyo mbaya kuliko zote, maana haingoji joto. Hutambaa siku hiyo hiyo.

Kufuta

Funga madirisha. Mimi hulowesha meza kidogo kwa kitambaa kibichi ili vumbi lilale. Nairobi ya Januari na Februari, mvua imekatika na wajenzi wako kila kona, vumbi huingia hata ndani ya mfuko uliofungwa zipu. Likikutana na grisi kwenye maunti unapata kitu ambacho mafundi wa Kirinyaga Road hununua kwa makusudi: grisi iliyochanganywa na unga mkali, ya kusagia valvu za injini. Wao wanataka chuma kilike. Wewe hutaki. Ndiyo sababu nakuambia ufute kwanza na ufikirie mafuta baadaye. Aliyepaka grisi juu ya vumbi ameisaga kamera yake mwenyewe kila anapobadilisha lenzi.

Toa lenzi na uishike kamera mdomo ukitazama chini. Puliza ukiwa umeishika hivyo, ili kinachotoka kianguke sakafuni. Usipulize kwa mdomo wako. Mate yakifika kwenye kioo hayatoki kirahisi, na kioo cha kamera hakifutwi kama kioo cha kabati, rangi yake ya fedha iko juu na hukwanguka. Pazia la shata usiliguse hata kwa brashi. Nikifuta mwili wa kamera, hutanguliza kipande cha karatasi laini mdomoni kuziba pango lote, pete ikabaki peke yake.

Zungusha kitambaa kikavu kwenye pete, kisha kingine chenye unyevu wa isopropili. Nasema unyevu: ukikikamua tone lisianguke. Kitambaa kitatoka cheusi. Watu huogopa hapo, wakidhani wanaing'oa rangi. Huo weusi ni grisi ya kale iliyochanganyika na unga wa chuma uliosagika kwa miaka mingi. Badilisha upande wa kitambaa, rudia, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Kamera moja ya Praktica ilinila vipande kumi na moja.

Kisha nyuma ya masikio. Maunti nyingi za bayoneti, zile za kuingiza lenzi na kuizungusha kidogo ikajifunga, zina masikio matatu kwenye lenzi na matatu kwenye kamera, na lenzi ikizungushwa masikio hupitana nyuma kwa nyuma. Uso wa mbele huonekana safi kwa sababu kila mtu huufuta. Uchafu uko upande wa pili, usioonekana. Funga kitambaa kwenye kijiti cha meno, kiloweshe kidogo, pitisha chini ya kila sikio. Kwenye kamera, chini ya masikio hayo ndipo zilipo springi za bapa zinazoivuta lenzi ikae imebana. Pitisha kijiti polepole, usizikunje.

Kamera zilizokaa Mombasa au Lamu huja na unga wa kijani kwenye pembe za pete, hasa pete ya shaba iliyochujuka nikeli au kromu yake. Kuna wanaokimbilia wembe. Mbao inatosha: kijiti cha meno, isopropili, na subira. Na ukikuta vipande vyeusi vinavyonata kama lami, hivyo si grisi. Ni sponji ya kamera, ile inayopokea kioo kikipanda, imeoza kwa uzee. Viokote kimoja kimoja kwa kijiti. Ukivipangusa, utavipaka kila mahali.

Lenzi zenye vituo vya umeme nyuma, vile vidoti vya rangi ya dhahabu, hazitaki grisi hata kidogo. Isopropili kwenye kijiti cha pamba, basi. Kifutio cha penseli kiache shuleni.

Sasa mafuta

Baada ya kufuta, funga lenzi uizungushe. Nusu ya wateja wangu huishia hapa, kwa sababu ukwaruzaji umekwisha. Kama lenzi inazunguka vizuri, usipake chochote. Chuma kilichong'arishwa na kiwanda kiliundwa kiteleze karibu kikavu.

Kama bado inakwaruza, chukua grisi kwenye ncha ya kijiti cha meno, kiasi cha punje ya sukari. Usiipeleke kwenye kamera. Ipake kwenye kitambaa, ukisugue kitambaa chenyewe kwa vidole mpaka grisi isionekane, ukaona tu kitambaa kimebadilika rangi kidogo. Kitambaa hicho ndicho unachopitisha upande wa nyuma wa masikio ya lenzi. Ya lenzi, si ya kamera, kwa sababu lenzi unaishika mkononi na kuifuta tena ni rahisi. Uso bapa, pale pete mbili zinapogusana, uache mkavu. Halafu chukua kitambaa kingine kisafi ufute ulichopaka. Ndiyo, ufute. Kinachobaki baada ya kufutwa ndicho kipimo.

Funga na ufungue lenzi mara kumi. Itoe, futa mstari mweusi utakaouona, rudisha.

Sehemu nyingine moja inayostahili tone ni pini ya kufungia, ile inayochomoza kwenye pete na kuzama ukibonyeza kitufe. Ikirudi kwa uvivu, lenzi inaweza kujifungua yenyewe mtaani, na sakafu ya Nairobi ni saruji. Safisha tundu lake kwa isopropili, ibonyeze mara ishirini, ikauke. Ikiendelea kusita, hapo tu ndipo mafuta ya cherehani ya mama yanaruhusiwa kurudi: chovya sindano, ikung'ute, gusa ubavu wa pini. Kinachoning'inia kwenye ncha ya sindano baada ya kukung'utwa kinatosha mwaka mzima.

Pete ya kulenga ikiwa ngumu, usitie mafuta kwenye mwanya wake. Ugumu huo uko kwenye nyuzi za ndani, na ni kazi ya kuifungua lenzi yote.

Lenzi inayocheza

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: lenzi inacheza, nipake grisi nzito ijae? Hapana. Kwanza tazama inacheza vipi. Ikitikisika kidogo kwa kuzunguka, kushoto kulia, ni kawaida kwa kamera nyingi. Pini inahitaji nafasi ya kuingia. Ikitikisika kwa kuinama, yaani ukiiinua mdomo wa lenzi unaona mwanya ukifunguka chini ya pete, hapo kuna ugonjwa. Mwanga unaweza kuingia, na upande mmoja wa picha ukakosa makali.

Anza na skrubu za pete ya lenzi, kisha za pete ya kamera. Mara nyingi moja au mbili zimelegea. Kaza ukivuka kutoka moja hadi ile inayoielekea, si kwa kufuata mduara, na usitumie nguvu za mlango. Ukitaka zisilegee tena, doti ya rangi ya kucha kwenye ukingo wa kichwa cha skrubu inatosha. Gundi kali ya skrubu za magari iache. Skrubu iliyogoma kutoka huenda iliwekewa gundi kiwandani. Tone dogo la asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, huilainisha, lakini asetoni huyeyusha plastiki na rangi, basi iweke kwa ncha ya kijiti.

Skrubu zikiwa imara na lenzi bado inainama, springi za bapa zimechoka. Zinaweza kuinuliwa kidogo, ila lazima pete ya kamera itoke, na hapo ndipo ningependa usimame. Chini ya pete hiyo kamera nyingi zina karatasi za chuma, nyembamba kama jani la kitunguu. Umbali kutoka uso wa pete hadi filamu umepimwa kwa hizo karatasi: milimita 46.5 kwa Nikon F, 45.46 kwa Pentax, 27.8 kwa Leica M. Ukiipoteza moja, au ukairudisha upande usio wake, lenzi ukiipeleka mwisho haitakuwa tena imelenga sawasawa vilima vya Ngong kutoka Upper Hill. Ukilazimika, piga picha kwa simu kila hatua, weka alama ya penseli, bandika skrubu kwenye utepe kwa mpangilio zilivyokaa.

Nyuma ya lenzi kuna mtego mwingine. Lenzi nyingi, za Pentax zikiwemo, ukitoa pete ya nyuma unaiachilia pete ya apacha, na chini yake kuna gololi ya chuma, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, ndiyo inayotoa ule mlio wa tik tik. Huruka. Yangu ya kwanza niliitafuta kwa sumaku ya spika siku mbili, nikaipata ndani ya kiatu. Fungua lenzi ndani ya sinia lenye ukingo, juu ya kitambaa cheupe.

Kila maunti na tabia yake

Zenit na Praktica nyingi, pamoja na Pentax Spotmatic, ni za nyuzi, aina iitwayo M42: upana milimita 42, nyuzi zikipishana milimita moja. Hizi hazichakai haraka, huharibiwa kwa kuanza vibaya. Kijana wa chuo alinunua Zenit Gikomba, akafunga lenzi yake ya Helios ikiwa imeinama, akalazimisha. "Anti, imekwama, nilete koleo?" Nikamwambia, kijana wangu, koleo ni za Kamukunji. Irudishe nyuma kinyume cha saa, bila kusukuma, mpaka uhisi nyuzi zikidondoka tik, ndipo uifunge mbele. Iliingia kwa kidole kimoja. Nyuzi hizi hufutwa kwa brashi ya meno kavu, kisha kile kitambaa cha grisi isiyoonekana.

Nikon F, iliyotoka mwaka 1959, hufungwa kwa kuzungusha kinyume cha saa ukiitazama kamera kutoka mbele. Waliozoea Canon au Pentax huizungusha upande usio wake, inagoma, wanadhani inataka mafuta. Miili ya kuanzia 1977 ina pete nyingine nyembamba inayoizunguka maunti ili kusoma apacha, na hiyo hujaa vumbi. Ipulize na kuifuta, usiipake kitu. Lenzi za kabla ya hapo zisizobadilishwa usizifunge kwenye FM2, zinaweza kuvunja kijino cha pete hiyo. FM na F3 huzipokea, kwa sababu kijino chake huinuka.

Canon FD ya zamani, yenye pete ya fedha, ndiyo inayonifurahisha. Lenzi haizunguki, ni pete tu inayokaza, kwa hiyo nyuso mbili hazisuguani. Lakini ukiitoa kwenye kamera pete hujifunga kwa pini ndogo, na wasiojua huilazimisha wakidhani imeganda. Bonyeza pini kwanza.

Mimi hufuta maunti za kamera ninazotumia kila mwezi wakati wa kiangazi, na kila miezi mitatu nyakati nyingine. Grisi labda mara moja kwa miaka miwili. Mvua za Machi hadi Mei sizihofii kwa maunti bali kwa ukungu ndani ya vioo, kwa hiyo kamera hulala kwenye kopo la plastiki lenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, kila mwili na kifuniko chake na kila lenzi na cha nyuma. Lenzi nzito ya kuvuta mbali ishike yenyewe, kamera ining'inie nyuma yake, kwa maana uzito wa lenzi ndiyo unaozichosha springi.

Na ukileta kamera kwangu baada ya kuipuliza dawa ya geti, sema mapema. Nitakutoza ile ile, lakini nitajua nianze na petroli ya laita kabla sijafungua kitu.